Sura Tuliyoapa Kusoma Pamoja

Kisasi ni cha Mungu, najua. Nimefundishwa hivyo tangu utotoni na mpaka leo sibishi. Nilichomwomba ni aniazime kisasi hicho kwa mchana mmoja tu, nikitumie kwa uangalifu, kisha nimrudishie kikiwa safi na kimepigwa pasi.

Mchana huo nilikuwa nimesimama mahali pangu pa kila siku, nyuma ya kaunta ya duka la dobi, mvuke ukinipanda usoni. Chini ya kaunta, ndani ya foronya safi, nilikuwa nimekificha kitabu cha saba na cha mwisho cha Ufalme wa Umande.

Kwa asiyevijua vitabu hivi, nieleze kidogo. Vimeandikiwa vijana, sikatai. Msichana mmoja mshonaji, binadamu kama mimi na wewe, anaingia katika nchi ya vibwengo wa msituni na kumkuta mfalme wao amekonda kwa sababu kivuli chake kimeibwa. Vibwengo hao ni wazuri kupita kiasi, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema uongo. Lakini wanajua kuupinda ukweli mpaka ukuvunje mguu. Mshonaji anampenda mfalme, mfalme anampenda mshonaji, na baraza la ufalme halitaki hata kusikia. Basi. Mengine yote ni sindano, uzi na machozi.

Kitabu cha kwanza ndicho kilichonikutanisha na Miwani.

Miwani ndilo jina nililompa. Anavaa miwani kweli, lakini pia ndiyo kazi yake. Anachonga lenzi katika duka lililo ng'ambo ya barabara. Alikuja siku moja kuleta koti lake jeupe la kazini, akaniona nimeinamia kitabu, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Mfalme ameshapoteza kivuli?"

"Usiniambie!" nilimkemea.

Alicheka. Mimi nikasahau kumpa tiketi ya koti lake. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoniingia, bila tiketi.

Tulivisoma vitabu sita kwenye benchi la wateja, saa za chakula cha mchana, kwa sauti. Yeye alikuwa mfalme, mimi mshonaji. Mwenzangu wa kukunja shuka, ambaye sote tunamwita Mkunjaji, alikuwa baraza zima la vibwengo na alimfanya kila mjumbe kuwa na mafua. Tulipomaliza cha sita tuliapa: cha saba kikitoka, sura ya mwisho tutaisoma pamoja, na atakayemtangulia mwenzake, vibwengo wamchukue.

Kisha akanipeleka kwao.

Mama yake na shangazi yake walinipokea vizuri, mpaka shangazi alipouliza napenda nini zaidi ya kazi. Mimi, kwa ujinga wa furaha, nikasema kusoma, nikataja na vitabu. Mama yake akaweka kikombe chini. "Vibwengo?" akasema. "Mwanamke mzima, umemzidi mwanangu umri, bado unasoma habari za mashetani wa msituni? Utatuletea nini humu ndani?" Shangazi akamgeukia Miwani. "Na wewe mwanangu, unayasoma haya?"

Miwani alisukuma miwani yake juu ya pua. Akacheka kidogo. Akasema, "Mimi? Hapana shangazi. Vitabu vya watoto hivyo. Ni mambo yake tu."

Mambo yake tu. Mfalme wangu aliniacha pale kwenye kochi peke yangu na vibwengo wangu wote. Muda si mrefu baadaye akaniambia kwamba mama anaona tupumzike kidogo. Nikamwambia apumzike kwa amani, kama wanavyoambiwa marehemu.

Sasa cha saba kilikuwa kimetoka na mimi nilikuwa nimekipata. Nilikisoma nikila. Nilikisoma nikisubiri pasi ipate moto. Sijawahi kufurahia kitabu namna ile, na sitaficha sababu: katika kitabu cha saba, mshonaji analipiza. Kuna sura ya karamu, baraza lote limekaa limevaa lulu, yeye anaingia na mkasi, anakata uzi mmoja tu, na vivuli vyao vyote vinadondoka sakafuni kama nguo zilizovuliwa. "Wapate!" nilipiga kelele, na Mkunjaji akaangusha shuka safi kwenye maji machafu. Ilibidi tulifue upya. Hata yeye hakununa. Alitaka nirudie aya ile.

Lakini sura ya mwisho sikuisoma. Nilifika pale mfalme amelala kwenye majani, kivuli chake kimo mikononi mwa mshonaji, na jua linachomoza. Akishona, mfalme anaishi. Akiachia, anayeyuka pamoja na umande. Nikakifunga. Nilijiambia nimechoka. Mungu aliyenitazama alijua si uchovu. Nilikuwa nimeapa, na kiapo changu kilikuwa hakijapata habari kwamba tumeachana.

"Hodi."

Alikuwa mlangoni, ameshika shati jeupe kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani.

"Hapa ni dukani," nilisema. "Hapana hodi. Tiketi?"

"Sichukui. Naleta."

"La lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"La shughuli gani? Lazima nijue. Wanga wa kazini si wanga wa sherehe."

Alitazama sakafu. "Tunakwenda kwa kina nesi. Mama, shangazi na mimi. Kujitambulisha."

Mkunjaji alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Habari za huyo nesi tulikuwa tumezisikia. Mama yake alimpata kwenye foleni ya kupima presha, akampenda yeye kwanza, kisha akampa mwanawe taarifa.

"Hongera," nilisema. "Basi linataka wanga mwingi."

Nikalilaza shati kwenye meza ya pasi. Nikalinyunyizia. Nikalipiga, nikalinyunyizia tena. Nilimwomba Mungu aniongoze mkono, na nadhani alikuwa anatazama kwingine, kwa sababu kola ilianza kuwa ngumu kama sahani.

Miwani hakuondoka. Alikuwa ameiona foronya, na ukingo wa jalada la kijani uliochungulia.

"Ndicho chenyewe?" alinong'ona.

"Chenyewe nini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Sielewi. Au unakusudia vitabu vya watoto?"

Alifumba macho. "Nilistahili."

"Unastahili zaidi ya hapo, ila nina foleni."

"Hakuna foleni," alisema Mkunjaji.

"Wewe kunja."

Miwani alisogea karibu na kaunta. Mvuke ukamfunika miwani, akawa kipofu, na hata hivyo hakuivua. Uso wake ulikuwa umepungua. Nikafurahi kuona umepungua, kisha nikaumia kwamba umepungua, kisha nikakasirika kwamba nimeumia.

"Nimekisoma nusu," alisema. "Duka la vitabu. Nimesimama nyuma ya rafu ya kamusi, kila siku kidogo. Nimefika kwenye karamu. Vivuli vilipodondoka nilipiga rafu ngumi, kamusi ikaniangukia kichwani."

Niliuma midomo yangu yote miwili. "Kwa nini hukununua kama mtu mzima?"

"Muuza vitabu anasali pamoja na mama. Ningenunua asubuhi, mchana mama angekuwa na habari."

"Kwa hiyo ulijificha."

"Ndiyo. Na jana nimekwenda, nakala zimekwisha." Akashika ukingo wa kaunta. "Niambie kitu kimoja tu. Mfalme anapona?"

Hapo ndipo nilipouonja utamu wa kisasi kwa mara ya kwanza, na ni mtamu, asikudanganye mtu. Mwanamume niliyemlilia mpaka mto ukaota ukungu alikuwa amesimama mbele yangu akiniomba neno moja.

"Nimeshakimaliza," nilisema. Mimi si kibwengo, naweza kusema uongo, ingawa baadaye huulipia kwa magoti. "Najua kila kitu. Nimecheka, nimelia, nimefurahi peke yangu. Na mwisho wake, Miwani! Mwisho wake ungekuua."

"Niambie."

"Kuna sheria ya vibwengo. Ulichokikana mbele ya watu..."

"...kidai mbele ya watu," alimalizia, na rangi ikamtoka.

"Mama yako anakuja sasa hivi kuchukua mapazia. Kaa kwenye benchi. Akiingia, kidai."

"Leo?"

"Wewe siku ile ulihitaji kujiandaa?"

Aligeuka kwenda zake, nami nikaona mgongo wake, mgongo uleule wa siku ile kwenye kochi, nikasema moyoni, haya, nenda. Lakini mlangoni alikutana na kitambaa cha kijani na mkoba mkubwa mweusi. Mama yake alikuwa amefika.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Mapazia yangu?"

"Yanapoa kidogo. Karibu uketi."

Hakuketi. Alimtazama mwanawe. "Na wewe umefuata nini huku?"

"Nimeleta shati, mama."

"Duka lenu lina majirani wengine wanaopiga pasi." Alisogea mezani, akaligusa shati kwa kidole. Lilitoa mlio. "Hili shati au mlango?"

"Ni wanga wa sherehe, mama," nilisema kwa heshima zote.

"Ataketi vipi ndani ya hili?"

"Atasimama. Wakweze watamwona vizuri."

Mkunjaji aliingiza uso ndani ya shuka. Mama yake alinitazama kwa muda. Si mwanamke mjinga, na sitaki mtu afikiri ni mbaya. Alimlea huyu mmoja peke yake, mumewe alipofariki. Kila mwanamke anayekuja kwake humwona kama mwizi anayekagua madirisha.

"Binti," alisema, "bado unasoma vile vitabu vyako vya mapepo?"

"Nasoma, mama. Kabla ya kusoma naomba, na baada ya kusoma naomba. Katikati ndipo ninapofurahi."

"Mtu wa sala hafurahii vibwengo."

"Mama," alisema Miwani.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Sote tuligeuka. Alikuwa amesimama wima katikati ya duka, kati ya nguo zilizoning'inia, mikono imeshuka kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama, vile vitabu nimevisoma. Vyote sita. Na nusu ya cha saba."

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe. Hapa, kwenye benchi hili. Siku ile nilipowaambia sivisomi, nilisema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa mfalme."

"Na mimi baraza," alisema Mkunjaji kutoka ndani ya shuka.

Mama yake aliketi. Hakuna aliyemkaribisha tena. Miguu yenyewe ilimkalisha. "Mfalme," alisema, kama mtu anayeonja dawa.

"Mfalme wa vibwengo, mama. Na kitabu kile kilicho chini ya kaunta nakidai. Sikionei haya tena."

Nilikitoa ndani ya foronya. Nikakisukuma juu ya kaunta haraka. "Umekidai, chukua. Haki yako."

Alikichukua kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba juu ya jalada, pole pole, vile alivyokuwa akipitisha juu ya kiganja changu tulipokuwa tukisubiri pasi ipoe. Nilikuwa nimeshinda. Mama yake ameduwaa, yeye ameumbuka, sheria imetimizwa. Na ndani yangu kulikuwa na shimo lenye ukubwa wa sura moja, kwa sababu alikuwa amekana viwili siku ile, na leo amedai kimoja.

Nikarudi kwenye pasi yangu.

"Bado sijamaliza," alisema nyuma yangu. Sauti ilikuwa imenenepa. "Mama, si kitabu peke yake. Na huyu pia namdai."

Ndiyo maneno niliyoyaomba, usiku na mchana. Niliyaomba mpaka nikaona aibu kumchosha Mungu kwa ombi lilelile. Na yalipofika masikioni mwangu, yalifika na harufu mbaya. Niliweka pasi chini.

"Unanidai?"

"Nakudai. Mbele ya mama, mbele ya..."

"Tiketi yangu iko wapi?"

"Tiketi?"

"Tazama juu yako. Makoti, mashuka, magauni, yote yanasubiri kudaiwa. Mtu anayaacha hapa anavyotaka, anakwenda kutembea, anarudi akiyakumbuka, anadai. Hayamwulizi alikuwa wapi. Mimi nimekuwa hapa siku zote hizi, Miwani, lakini sikuning'inia kwenye henga. Nguo hudaiwa. Mimi huombwa."

Kikasikika kicheko kifupi, kilichomponyoka mwenyewe bila ruhusa. Kilitoka kwenye benchi. Mama yake alijiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa, lakini alikuwa amechelewa.

"Hapo amesema kweli," alisema, kwa kusikitika kabisa kwamba ni kweli. "Hata marehemu baba yako aliomba. Aliomba mpaka sauti ikakauka."

Miwani aliivua miwani yake. Bila miwani huwa anaonekana kama mtu aliyeamshwa ghafla, na mimi udhaifu wangu ndio huo, Mungu anajua.

"Naomba," alisema.

"Sisikii. Mvuke una kelele."

"Naomba unisamehe. Nilikuacha peke yako kwenye kochi la mama. Nilikuona ukinitazama nami nikasukuma miwani. Naomba shati lile, Jumamosi, lisiende kwa kina nesi. Liende kwenu. Nitasimama nalo siku nzima kama haliniruhusu kukaa."

"Kwa kina nesi nimeshatoa neno!" mama yake alisema.

"Ulilitoa wewe, mama. Mimi sikuulizwa. Samahani. Nitakwenda mwenyewe kulirudisha, sitakuachia aibu hiyo."

Nadhani hajawahi kumjibu hivyo tangu azaliwe. Mama alimtazama kutoka viatuni mpaka usoni, akimtafuta yule mtoto wake. Akafungua mkoba wake, akaufunga bila kutoa kitu.

"Mapazia bado yanapoa?" aliniuliza, taratibu.

"Bado, mama."

"Basi nitasubiri."

Sote wanne tulijua mapazia yalikuwa yamepoa zamani.

Miwani alikuwa bado ananitazama. Nilitamani kuzunguka kaunta na kumshika. Lakini kile kisasi nilichoazimwa kilikuwa hakijaisha, na jua lilikuwa bado juu. Nikanyoosha mkono.

"Kitabu."

"Umenipa."

"Nakuomba. Unaona? Ndivyo watu wanavyofanya."

Akanipa. Nikakaa kwenye kiti changu kirefu, nikafungua kurasa za mwisho. Miwani alikunja uso.

"Ulisema umemaliza."

"Nilisema uongo. Sura ya mwisho sikuigusa."

Alielewa. Nikaona linamwingia, taratibu, toka machoni mpaka mabegani: kwamba muda wote ule, pamoja na nesi na kochi na kupumzika kidogo, nilikuwa nimeisubiri ahadi yetu. Machozi yakamjaa. Vizuri, nikasema moyoni. Yajae.

"Tuliapa kuisoma pamoja," alisema, sauti imekatika.

"Na tutaisoma pamoja. Mimi nitasoma kitabu. Wewe utanisoma mimi. Kaa."

"Na jibu langu?"

"Liko baada ya sura. Kaa, Miwani."

Akaketi kando ya mama yake. Nikainamisha kichwa, nikaomba kama nifanyavyo kila mara, sala fupi, kisha nikaanza. Sikutoa sauti hata kidogo.

Ee Mungu, ilikuwa nzuri sana. Mshonaji alikuwa bado ameinama juu ya majani, na uzi uliokuwa mkononi mwake ulikuwa umebaki mfupi kuliko nilivyofikiri. Nilishika shingo yangu. Miwani naye akashika yake. Nilipotabasamu, alisogea mbele mpaka benchi likalia. Nilipoacha kutabasamu, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Mkunjaji alikuwa ameacha kukunja kabisa, shuka limemkaa shingoni. Kisha nikafika kwenye aya moja ambayo sikuitarajia. Mkono ukanipanda mdomoni wenyewe, na machozi yakanidondoka juu ya karatasi.

Miwani aliinuka nusu. Nikainua kidole kimoja, bila kumtazama. Akakaa.

Mama yake alivumilia, akavumilia. Mwishowe akamsogelea mwanawe, akanong'ona kwa sauti iliyojaza duka zima.

"Kwani amekufa?"

"Sijui, mama."

"Si umuulize!"

"Siwezi," alisema Miwani, macho yake yakiwa juu ya uso wangu, hayapepesi. "Sijasamehewa bado."

Nikalowesha kidole, nikageuza ukurasa.